Dirisha kwa Dirisha

Novemba 3

Daftari hili ni la binti yangu Virtudes, la hesabu za mwaka jana. Kurasa za nyuma hazijatumika. Naandika humu kwa sababu lazima nimwambie mtu, na mtu wa kumwambia sina. Mwandiko wangu ni wa kuku aliyekanyaga majivu; nilitoka shule nina miaka tisa nikaenda kuchunga mbuzi. Atakayeliokota anisamehe. Na kama ni wewe Virtu, lifunge sasa hivi.

Jambo lenyewe ni hili. Jana tulipotoka makaburini kuwasha mishumaa, Gaspar alinisimamisha pale mteremkoni. Gaspar ndiye kiongozi wa kundi letu la muziki. Tunamwita Meya, ana fimbo yenye nyuzi nyekundu, ofisi hana.

"Catalina," akasema, "Virtudes wako tunamtaka. Fidla imekosa mtu tangu Juni, na mtoto yule ana mkono."

"Ana miaka kumi na minne."

"Simposi, jirani. Nataka apige fidla."

Siku zenyewe ni tatu, tarehe 26, 27 na 28 Desemba. Wanatembea milimani shamba kwa shamba, wanalala watakapokaribishwa, na siku ya mwisho makundi yote yanakutana kule chini kwenye uwanja. Wanaume wanane, divai kila mlango, mbwa wasiofungwa, mto usio na daraja la maana. Na kifua cha Virtudes, kinavyobana kwenye baridi, nakijua mimi.

"Basi nitakwenda naye," nikasema.

Gaspar akacheka hadi fimbo ikatikisika. "Kundi halitembei na mama za watu. Kila mmoja akija na wake tutakuwa hija. Anayetembea nasi ana kofia, na mwenye kofia ana chombo mkononi."

"Na kofia zenyewe nani anazishona?"

"Wewe, Mungu akubariki."

"Mwaka wa kumi na tisa."

"Na kwenye kofia hizo hakijawahi kudondoka hata kioo kimoja. Lakini wewe unapiga chombo gani? Cherehani?" Alipoona sicheki akalegeza sauti. "Ingekuwa unajua gitaa, hapo sawa. Tangu kaka yako aende kufanya kazi hotelini Mallorca tumebaki na moja tu, la Frasquito. Nipe jibu kabla ya Krismasi."

Jibu ninalo. Nisipokwenda mimi, naye haendi. Ila yeye nimemwambia tu kwamba bado nafikiri.

Novemba 4

Gitaa la kaka yangu liko juu ya kabati letu. Nimelishusha. Lina vumbi, na ndani mna kokwa ya zeituni, sijui iliingiaje. Nimeligusa likalia kama mlango wa banda. Nimelirudisha.

Novemba 5

Nimelishusha tena.

Novemba 8, Jumapili

Nina mwalimu, na yeye hajui.

Mzee Frasquito anakaa ng'ambo ya kichochoro, nyumba ya marehemu dada yake. Amehamia tangu Pasaka kutoka bonde lile jingine. Mtu wa maringo. Anapita mkono wa kushoto mfukoni, kichwa anakitikisa kidogo tu, mdomo haufunguki. Bartolomé mume wangu anasema labda ni haya. Haya gani ya mtu wa miaka sabini!

Lakini kila saa kumi jioni, mwanga ukiwa bado upo, anaketi dirishani akapiga. Kichochoro ni chembamba, ukirusha tawi la mnanaa linatua kwenye kikombe chake. Saa hiyo sisi tumesharudi kutoka kwenye zeituni, Virtudes yuko kwa mwalimu wake wa fidla, Bartolomé amepeleka mzigo kinuni na trekta. Nimevuta kiti nyuma ya pazia la dirisha langu, nikakaa uso kwa uso naye, nikafanya anavyofanya. Shingo ya gitaa lake inaelekea bondeni, nami nikaelekeza langu bondeni. Mkono wake wa kukwangua uko upande wa mlimani, na wangu vivyo hivyo.

Ajabu ni kwamba mkono uliona raha. Nilidhani utagoma.

Novemba 9

Vidole. Ee Bikira.

Novemba 12

Leo nimegundua kwa nini lake linaimba na langu linabweka. Uzi wake mnene uko juu, karibu na kidevu. Kwangu mnene uko chini! Kaka yangu huyu, hata viatu alikuwa anavaa bila kutazama. Nimezitoa nyuzi zote sita nikazipanga upya, mnene juu, mwembamba chini, kama za mzee. Zile nene hazikuingia kwenye vijifereji vyake pale kichwani, nikavipanua kwa msumeno wa Bartolomé wa kukatia chuma. Nyembamba zikabaki zinachezacheza, nikazishindilia vikaratasi.

Kukaza nyuzi hakunisumbui. Mzee huanza na uzi mmoja mmoja kila jioni, nami nafuatisha mpaka wangu na wake unakuwa sauti moja. Muziki huu nimeusikia tangu tumboni mwa mama. Sikio linajua, vidole ndivyo wageni.

Novemba 15

Mishiko ya vidole kwenye nyuzi ina majina yake mjini, mimi nimeipa yangu. Wa kwanza ni Mlango, maana kila wimbo unaingilia hapo. Wa pili ni Jirani, ni vidole vilevile vimehamia uzi wa pili. Kuna Buibui. Na kuna mmoja ambao kidole kimoja kinalala juu ya nyuzi zote na vingine viwili vinajipinda. Huyo nimemwita Mama Mkwe, kwa sababu anataka ushike kila kitu kwa pamoja na bado haridhiki.

Nimemsoma mzee vizuri. Vidole vitatu tu vinafanya kazi. Kidole kidogo hakionekani, anakikunja ndani ya kiganja kabisa. Inaonekana ndio ufundi wenyewe. Cha kwangu kinataka kutoka nje kama mbuzi, nakirudisha.

Novemba 19

Mvua. Hakuna zeituni. Mlango na Jirani siku nzima, na Bartolomé aliporudi nikasema nilikuwa napiga pasi.

Novemba 23

Zeituni za mwaka huu zimejaa. Wanaume wanapiga matawi kwa fito, sisi wanawake tuko magotini juu ya nyavu, vidole vimekuwa kama karoti. Baridi inauma vizuri zaidi pale uzi ulipokata. Mwenzangu mmoja akaniuliza, "Catalina, vidole vya mkono wa kulia vimefanya nini?" Nikamwambia jiko. Akasema jiko gani linachoma kwa mistari.

Novemba 27

Leo nimetoka Mlango kwenda Jirani na kurudi bila kusimama, mara ishirini. Nilimaliza nikakuta nalia, kisha nacheka, kisha viazi vimeungua.

"Mama, unaimba nini?" Virtudes akauliza wakati wa chakula.

"Siimbi."

"Unaimba. Na mguu unagonga."

Bartolomé akasema, "Mwache mama yako, amefurahia viazi vya mkaa."

Desemba 1

Mzee Frasquito anazeeka, maskini. Siku hizi anapiga polepole. Wimbo uleule anaurudia mara tano, sita, na akifika kwa Mama Mkwe anatua hapo kama aliyepotea njia. Mimi inanifaa, lakini nimemhurumia. Nimemwekea bakuli la supu ya kunde mlangoni, nikagonga nikakimbia kama mtoto.

Desemba 4

Bakuli limerudi mlangoni kwetu. Safi, na ndani zabibu kavu. Hakuna neno.

Desemba 8

Sikukuu ya Bikira. Virtudes amepiga fidla kanisani. Watu wamegeuka kumtazama. Nilikuwa nahesabu tu: zimebaki siku kumi na nane. Aliposhuka nikamfunga skafu, akasema akiuma meno, "Mama, mbele za watu." Nikamfunga hata hivyo.

Ameniuliza tena kama anakwenda. Nimesema nitamjibu Jumapili, maana Jumapili Gaspar anakusanya kundi jikoni kwake kwa mazoezi.

Desemba 13, usiku. Sitalala, kwa hiyo naandika yote

Nilikwenda. Gitaa nimelifunga shuka. Virtudes alikuwa ameshatangulia na fidla yake, na aliponiona mlangoni akadhani nimemletea sweta.

Jiko la Gaspar lilikuwa limejaa moshi na harufu ya maandazi ya divai, mkewe anakaanga. Wanaume wanane, matari, visahani vya shaba, Mzee Frasquito kwenye kona. Nikafungua shuka.

"Umetaka gitaa," nikamwambia Gaspar. "Hili hapa, na mimi hapa."

Nikakaa, nikashika, nikapiga. Mlango, Jirani, Buibui, Mama Mkwe, rudi Mlango. Yule wa matari akaanza kunifuata bila kuambiwa. Nilipomaliza nilikuwa natoka jasho kama niko kinuni.

Gaspar alikuwa mdomo wazi. "Jirani. Umelishika kinyume."

"Kinyume wapi?"

"Shingo iko huku! Unakwangua kwa kushoto! Na nyuzi... umezigeuza nyuzi?"

"Kaka yangu ndiye aliyezigeuza. Mimi nimezinyoosha."

Hapo jiko likapasuka kwa kicheko. Mkewe Gaspar alikaa chini na mwiko wake. Nami bado sijaelewa.

"Ngoja, ngoja," Gaspar akafuta macho. "Na hicho kidole kidogo kimepatwa na nini?"

"Hakijapatwa na kitu."

"Mbona umekikunja?"

"Si ndivyo wapigaji wanavyokikunja?"

Kicheko kilikatika. Wote wakageuka kona ile. Mzee Frasquito akautoa mkono wake wa kushoto chini ya gitaa taratibu, akauweka mezani. Vidole vinne. Kidogo hakipo, mahali pake pana kovu la zamani. Kinu cha zeituni kilikichukua akiwa kijana. Miezi yote hii mkono mfukoni, nami nasema maringo.

Nilitamani sakafu inimeze. Mimi nimeiga kilema cha mtu wiki tano nikidhani ni ufundi.

Yeye alinitazama tu, hakukasirika, wala hakucheka.

Gaspar akasema kwa upole, lakini akasema: "Catalina, unapiga. Sikatai. Lakini siku ya 28 makundi ya milima yote yatakuwepo. Wakimwona mtu amelishika hivyo watatucheka mpaka Pasaka. Ligeuze. Ukiweza kwa mkono wa kulia, kofia ni yako." Akanipa gitaa la Frasquito nijaribu. Mikono ikawa magunia. Hata Mlango sikuuona.

Njiani Virtudes alikuwa anatembea mbele, hatua za hasira.

"Ulifanya yote hayo unilinde?"

"Nilifanya kwa sababu mto ule..."

"Mto! Mama, kila mtu amejua. Nitakwendaje sasa, na mama aliyejifunza gitaa la kinyume ili anishike mkono?"

Sasa niko jikoni, jivu limepoa.

Desemba 14

Nimejaribu kwa mkono wa kulia. Nimerudisha nyuzi, nimezitoa tena. Haiwezekani kwa siku kumi na mbili, labda kwa miaka kumi na mbili.

Lakini kuna kitu nimekiona jana ambacho sikukiandika kwa sababu ya aibu. Kabla sijafungua shuka, nilisimama kidogo mlangoni na hawakuniona. Virtudes alikuwa anakaza nyuzi za fidla. Wanaume wanane wazima, wenye mikono kama majembe, walikuwa wamenyamaza wakimngoja amalize. Mmoja alitaka kukohoa akatoka nje kukohoa. Kisha mtoto akainua kichwa, akasema, "Tayari," na wote wakaanza pale alipotaka yeye.

Nyumbani kwangu hata mimi sijawahi kumngoja hivyo.

Desemba 15

Asubuhi, akiwa anafunga viatu, nimemwambia: "Utakwenda."

"Na wewe?"

"Mimi nitashona kofia."

Akasimama na kiatu kimoja mkononi. Akaja akanibusu kichwani, akaenda zake. Mimi nikabaki nahesabu mbwa wote wa milima hii. Lakini nimeshasema.

Kinachonishangaza ni hiki: ilipofika saa kumi nilikwenda dirishani mwenyewe. Sikuwa na sababu tena. Nilikwenda tu.

Mzee hakuwepo.

Desemba 16

Hakuwepo kwa sababu alikuwa kwa Gaspar. Leo amegonga mlango wetu, kofia mkononi, na mkono mwingine haupo mfukoni. Nimempa kahawa. Nikaanza kumwomba radhi kwa ajili ya kidole, akanikatiza.

"Jirani, kitunguu hicho unakimenya kwa mkono gani?"

Nikatazama. Kisu kiko kushoto.

"Mbuzi unakamua kwa upi?"

"Kushoto. Mbuzi hajali."

"Na kuandika?"

Nikamweleza. Mtawa aliyetufundisha alikuwa ananifunga mkono wa kushoto kwenye benchi kwa kamba ya aproni, anasema ni mkono wa yule mwenye pembe. Nilikuwa naharibu kila herufi. Ndiyo maana mbuzi walinipendeza kuliko shule.

Mzee akachekea kikombe. "Basi hukukosea. Ulikaa mbele yangu, mkono wako ukapata mahali pake."

"Ulijua niko pale?"

"Pazia lako lina tundu kama sahani! Tangu siku ya tatu. Niliona mtu ng'ambo anafanya ninavyofanya, kama kioo. Mwanzoni nilidhani ananidhihaki. Kisha nikasikia anavyokaza nyuzi akinifuata, nikasema, hapana, huyu anataka."

Nikakumbuka. "Kumbe ndiyo maana ukapunguza mwendo."

"Ulidhani nazeeka."

"Nilikuletea supu."

"Ilikuwa nzuri." Akasimama. "Kuhusu kidole, kikunjue sasa, unacho. Mama Virtudes, mimi ningekuwa na changu, ningempa Mama Mkwe furaha kila siku."

Nikashtuka. "Jina hilo umelijua wapi?"

"Unaongea na gitaa kwa sauti, jirani. Kichochoro kizima tunamjua Mama Mkwe." Na mlangoni, akivaa kofia: "Nimemwambia Gaspar, ama tunakwenda wawili, ama apige gitaa kwa fimbo yake. Mazoezi ni Jumapili."

Desemba 17

Kwa kidole cha nne Mama Mkwe ni mtu wa kawaida kabisa. Wiki tano nimeteseka bure!

Desemba 20

Gaspar ametuweka bega kwa bega, mimi na Frasquito. Shingo yake upande huu, yangu upande ule, hatugongani. Ameguna kama mtu aliyeumwa jino, kisha akasema, "Mnafanana na kabati lililofunguliwa milango." Nimechukua kama sifa.

Virtudes amekubali, kwa masharti. "Skafu hapana. Kuniuliza kama nimekula hapana. Ukipotea mdundo, tazama upinde wa fidla yangu."

Bartolomé anatembea kijijini anawaambia watu mkewe ni msanii. Anasema tangu sasa chakula kikiungua atalipa kiingilio.

Desemba 24

Kofia tisa nimezimaliza jana: maua, tepe, vioo. Ya kumi, yangu, imekuja leo mezani, imefunikwa kitambaa. Virtudes ameishona kwa siri. Mshono umepinda, tepe za upande mmoja ndefu kuliko za mwingine, na kioo cha mbele ameking'oa kwenye kiboksi chake cha poda. Mimi ningeifumua yote nianze upya.

Sitaigusa hata uzi.

Desemba 29

Nimeamka saa tano mchana, kwa mara ya kwanza tangu nimzae Virtudes. Miguu imekufa. Nitaandika ya jana tu, maana siku mbili za kwanza ni matope, maandazi na kulala kwenye majani ya mbuzi, na mbwa wawili waliokuwa na adabu kuliko Gaspar.

Jana asubuhi, tukishuka kwenda uwanjani, kwenye daraja la mawe tulikutana na kundi la kijiji cha Piedra Blanca. Vijana, wengi, kofia mpya. Makundi mawili yakikutana njiani hayapishani hivihivi. Yanasimama uso kwa uso na kupiga kwa wakati mmoja, kila moja likijaribu kulivurugia jingine mdundo. Litakalopotea linasogea kando.

Wakatutazama, wakaniona. Mpiga gitaa wao, kijana wa masharubu, akapiga kelele: "Ee Meya! Huyu mama mmemtoa kwenye picha iliyochapwa kinyume?"

Gaspar masikio yalikuwa mekundu. Nilitaka kurudi nyumbani kwa kutambaa. Virtudes akageuka, akaniangalia, akainua upinde. Nikautazama upinde.

Tukaanza.

Nimewahi kuzaa, nimewahi kuzima moto bandani, lakini kitu kama kile sijawahi. Wao mbele, sisi mbele, kelele mpaka mawe ya daraja yanatetemeka, na ndani ya kelele ile unashikilia uzi wako mwembamba kama mtu anayebeba yai sokoni. Mlango, Jirani, Buibui, Mama Mkwe. Bega la Frasquito linanigonga kila mdundo. Pumzi zikaanza kumwisha mzee. Nikasikia mkono wake unachelewa kidogo, mimi nikaubeba mdundo. Alipopata nguvu akaubeba yeye.

Kijana wa masharubu alikuwa anatufanyia wanachofanya wapigaji wote: kutazama mikono ya adui ili ajue anakwenda wapi. Alimtazama Frasquito. Akanitazama mimi. Akarudi kwa Frasquito. Mishiko ileile, lakini mmoja anakwenda huku na mwingine anakwenda kule. Niliona macho yake yanahangaika kama ya mbuzi kati ya milango miwili. Akatazama vidole vyake mwenyewe, kosa ambalo hata mimi ninalijua, na hapohapo akakanyaga nje ya mdundo. Matari yao yakamfuata. Fidla yao ikamfuata. Yakabaki yetu tu, na upinde wa Virtudes juu ya yote.

Wakasogea kando. Kijana akavua kofia. "Mama," akasema, "nifundishe uchawi huo."

"Kaa uso kwa uso na jirani yako," nikamwambia.

Gaspar alinikumbatia na fimbo yake ikanipiga sikioni. Alikuwa anamwambia kila aliyepita kwamba ni yeye aliyepanga magitaa mawili kama milango ya kabati, ni mbinu ya zamani.

Kisha uwanja. Makundi yote ya milima, moshi wa soseji, divai tamu, watu wanacheza kwenye matope. Nilipiga. Wakanichanganya na watu nisiowajua, nikapiga nao, nikaimba nyimbo nilizodhani nimezisahau, mwanamke mmoja mzee wa bonde jingine akanishika mkono wa kushoto akaubusu, akasema na yeye walimfunga. Jua likaanza kuingia nyuma ya mlima.

Hapo ndipo niliposikia sauti imekauka kwa kuita: "Mama! Mama!"

Virtudes. Anasukuma watu, fidla chini ya kwapa, uso mweupe, skafu ameifunga mwenyewe mpaka masikioni.

"Ulikuwa wapi? Tangu saa nane nakutafuta! Nimemuuliza Meya, nimemuuliza Mzee Frasquito, nimekwenda mpaka mtoni! Umekula?"

Nikafungua mdomo nimjibu, nikakuta sijui. Tangu tulipotoka daraja la mawe, siku nzima, sikuwa nimemtafuta hata kwa jicho. Sikuhesabu mbwa, sikukumbuka mto wala kifua chake. Nilikuwa nimesahau kuogopa.

"Sijala," nikasema.

"Nilijua tu!" Akanikamata mkono, akanivuta kwenye soseji. Nami nikamwacha aniongoze.